Kutoka muswada hadi mauzo: mwongozo kwa mwandishi wa Kiswahili

Kitabu cha Kiswahili, mara nyingi, anayekilipia siye anayekisoma. Hadithi ya mtoto hununuliwa na mzazi au shule. Tamthiliya husomwa na wanafunzi, lakini uamuzi wa kuinunua hufanywa na mwalimu au taasisi ya mitaala. Diwani ya mashairi hufika mikononi mwa wanachuo kwa sababu mhadhiri mmoja aliiweka kwenye orodha ya somo lake. Riwaya ya mapenzi au ya upelelezi ndiyo hulipiwa na msomaji mwenyewe, kwa simu, baada ya kuona jalada mtandaoni.

Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mchapishaji, na kabla ya kupiga hodi kwa mpiga chapa, andika sentensi moja: nani atatoa hela ya kitabu hiki, na atakiona wapi? Waandishi wengi huiruka hatua hii, kisha maboksi yanakaa chini ya kitanda miaka. Jibu lako ndilo litakaloamua barua unayoandika, bei unayopanga na watu unaowapigia simu.

1. Chagua pa kupeleka

Wachapishaji wa Afrika Mashariki wanaishi kwa vitabu vya shule. Usiukasirikie ukweli huu, utumie. Mhariri akipokea riwaya yako, moja ya maswali yake ya mwanzo ni: hii inaweza kusomwa darasa gani? Kenya, vitabu vya shule hupita kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, na anayeviwasilisha huko ni mchapishaji. Tanzania Bara, tangu 2013 vitabu vya kiada vimekuwa kazi ya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Wachapishaji binafsi wamebaki na vitabu vya ziada na rejea, navyo hupitia tathmini kabla ya kupewa ithibati. Ukiwa umeandika hadithi ya watoto wa darasa la pili au la tatu, hicho ni kitabu cha ziada na mlango upo. Ukiwa umeandika kitabu cha sarufi cha kushindana na kiada, Bara mlango huo umefungwa na hakuna barua nzuri itakayoufungua.

Riwaya yenye mambo ya chumbani yaliyoelezwa waziwazi haiendi shule. Kama hadithi inayahitaji, usiyakate kwa ajili ya hilo. Ipeleke kwa wasomaji wazima, ukijua tangu mwanzo kwamba mauzo yake yatatoka kwa mtu mmoja mmoja na si kwa oda za shule.

Kisha nenda duka la vitabu ukae humo saa nzima. Dar es Salaam, duka la TPH barabara ya Samora linatosha kuanzia. Nairobi, nenda Text Book Centre. Tafuta vitabu vitano vinavyofanana na chako. Geuza ukurasa wa jina la kitabu, usome ukurasa wa hakimiliki ulio nyuma yake, uandike mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na bei. Mchapishaji ambaye hajatoa riwaya ya Kiswahili kwa miaka mitano si rahisi aanze na yako. Tunza orodha hiyo vizuri, utaihitaji tena kwenye barua na kwenye kupanga bei.

Tuzo ni mlango mwingine. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na TET, ilitangaza washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Tuzo ya Kiswahili ya Safal, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada na pia vitabu vilivyochapishwa karibuni. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno, hasa kifungu kinachosema kazi iwe imechapishwa au la. Mwandishi aliyeirusha riwaya yake yote Facebook, sehemu kwa sehemu, anaweza kuhesabiwa kuwa amekwisha kuichapisha. Sura mbili za kuonjesha zinatosha, iliyobaki kaa nayo.

2. Andika barua ya ukurasa mmoja

Piga simu ofisini kwa mchapishaji asubuhi, uulize mhariri anayeshughulikia Kiswahili ni nani na barua pepe yake ni ipi. Simu hiyo ya dakika mbili hukuepusha na sanduku la jumla ambalo halisomwi.

Aya ya kwanza iseme unachopeleka: jina la muswada, aina yake, urefu, wasomaji wake. Urefu taja kwa maneno, si kwa kurasa, kwa sababu kurasa hubadilika kwa ukubwa wa herufi. "Naomba kuwasilisha riwaya yenye maneno 52,000 kwa wasomaji wa sekondari na watu wazima" ni mwanzo safi, na mhariri tayari ameshaanza kukadiria ukubwa wa kitabu.

Aya ya pili ndiyo inayouza, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Tuchukue riwaya ya mfano. Mwandishi anaandika hivi:

"Riwaya hii inazungumzia changamoto za maisha, mapenzi, usaliti na nafasi ya mwanamke katika jamii yetu."

Sentensi hiyo inaweza kubandikwa nyuma ya vitabu elfu. Imetaja dhamira kama mwanafunzi anayejibu swali la mtihani, lakini mtu hayumo na jambo halijatokea. Sasa linganisha na hii:

"Mjane wa Jambiani analima mwani. Mnunuzi aliyemkopesha kamba na vigingi hataki tena kulipwa kwa mwani, anamtaka binti yake wa miaka kumi na tano. Bamvua lijalo ndiyo siku ya mwisho: laki nne, au ndoa."

Kuna mtu, kuna mahali, kuna deni, kuna siku. Mhariri anajua hadithi inakwenda wapi na anataka kujua inaishaje. Usaliti na nafasi ya mwanamke vimo humo humo bila kutajwa. Ukishindwa kuandika sentensi tatu za namna hiyo, rudi kwenye muswada kwanza, kwa sababu mara nyingi tatizo liko ndani ya hadithi yenyewe: mhusika hataki kitu chochote, au anakitaka lakini hakuna kinachomzuia.

Kwa kitabu kisicho cha kubuni, sentensi tatu hizo zijibu mambo mengine: msomaji ana shida gani, atakuwa anaweza kufanya nini akimaliza kusoma, na wewe umeyajulia wapi haya.

Aya ya tatu ieleze kwa nini wewe, na kitauzwa wapi. Taja vitabu viwili kutoka orodha yako ya dukani na useme chako kinasimama wapi kando yao. Taja njia ulizonazo: shule unayofundisha, kipindi cha redio unachoshiriki, chama ulichomo. Acha kuandika kwamba marafiki wamekisifu au kwamba kitabadilisha Afrika. Wasifu wa kurasa nne nao uache nyumbani.

Ambatanisha muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili na sura tatu za mwanzo. Muhtasari useme mwisho wa hadithi. Waandishi huuficha kwa kudhani wanamtamanisha mhariri, kumbe yeye anatafuta kujua kama unaweza kumaliza ulichoanza. Sura ziwe za mwanzo kweli. Ukisema sura nzuri ni ya tisa, umekiri kwamba nane za mbele zinachosha. Tumia herufi za Times New Roman saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba kila ukurasa, faili la Word lenye jina lako na jina la muswada. Usitume picha za daftari zilizopigwa kwa simu.

Kabla ya kutuma, mpe mtu mwingine aisome barua kwa sauti. "Ata" badala ya "hata", "alafu" badala ya "halafu", "nime andika" iliyokatwa vipande viwili: makosa hayo yakiwa kwenye mistari mitano ya kwanza, mhariri huona gharama ya uhariri kabla hajaona hadithi.

Ngoja miezi mitatu, kisha kumbusha kwa mistari miwili yenye adabu. Unaweza kupeleka kwa wachapishaji wawili watatu kwa wakati mmoja, mradi useme hivyo kwenye barua. Asiyeambiwa na akaja kujua baadaye hatakupokea tena.

3. Mkataba ukija

Soma kwanza kifungu cha mrabaha, yaani fungu la mauzo analolipwa mwandishi, uangalie asilimia hiyo ni ya kitu gani. Asilimia 10 ya bei ya jalada, kitabu kikiuzwa shilingi 15,000 za Tanzania, ni 1,500. Asilimia 10 ya mapato halisi ya mchapishaji, baada ya duka kukata asilimia 35, ni 975. Neno "asilimia kumi" ni lile lile kwenye mikataba yote miwili. Angalia pia taarifa ya mauzo italetwa mara ngapi kwa mwaka, haki za tafsiri, sauti na filamu ziko kwa nani, na baada ya muda gani haki zinarudi kwako kitabu kikiadimika madukani. Kifungu hiki cha mwisho kisipokuwepo, kiombe. Vitabu vingi vizuri vya Kiswahili vimekwama hapo: hakichapwi upya, na mwandishi hana ruhusa ya kukipeleka kwingine.

Anayekuomba pesa ili akuchapishie anakuuzia huduma ya uchapaji. Hiyo ni biashara halali, lakini mkataba wake usomwe kama mkataba wa fundi: nakala ngapi, karatasi gani, siku gani, na hakimiliki yote inabaki kwako.

4. Ukijichapishia: hesabu kwanza

Namba hizi ni za mfano. Weka za kwako mahali pake. Kuhariri, kupanga kurasa na jalada vimekugharimu 1,200,000. Nakala moja, ukichapa 500, ni shilingi 5,000, yaani 2,500,000. Jumla umetoa 3,700,000. Bei ya kitabu ni 15,000, na duka linachukua asilimia 35, hivyo kila nakala ya dukani inakurudishia 9,750. Kurudisha hela yako unahitaji kuuza nakala 380 kupitia maduka, au 247 ukiuza mwenyewe kwa bei kamili, nauli ya mzigo ikiwa kando.

Sasa tuseme zimeuzwa 200 tu, zote dukani. Umepata 1,950,000 na umepoteza 1,750,000. Ungechapa 200 kwa bei ghali zaidi, tuseme 6,500 kila moja, hasara ingekuwa 550,000. Zile 200 ukiziuza kwa mkono wako, unapata faida ya 500,000. Kwa kitabu cha kwanza tunashauri nakala 200 hadi 300 kwa mashine ya dijitali. Wapiga chapa watakuonyesha jinsi bei ya nakala inavyoshuka ukiagiza 1,000, na ni kweli inashuka, ila kitabu kisichouzwa hakina bei.

Ukubwa wa A5 hupunguza upotevu wa karatasi. Kurasa hukunjwa kwa mafungu ya 16, wakati mwingine 8, kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 ni nafuu kuliko cha 162, ambacho kitasukumwa hadi 168 au 176 na kuacha kurasa tupu mwishoni. Mwambie mpanga kurasa apunguze mistari michache. Ndani tumia karatasi ya gramu 70 au 80, jalada gramu 250 hadi 300. Picha ya jalada ivuke ukingo wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiteleza utaona mstari mweupe pembeni. Dai nakala moja ya majaribio iliyogundishwa tayari, uifungue katikati kwa nguvu. Gundi mbovu huachia kurasa hapo hapo, na ni bora ziachie mikononi mwako.

Jalada lipunguze kwenye simu mpaka upana wa sentimita 2. Jina la kitabu halisomeki? Lirudi kwa mchoraji, maana huo ndio ukubwa ambao wanunuzi wengi wataliona.

Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya na huduma ya maktaba ya taifa, KNLS. Iombe mapema, kabla jalada halijakamilika, kwa sababu mistari ya kuskeni inatokana nayo. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake. Usikope namba ya kitabu kingine wala kutunga, duka likiiskeni litaona jina la kitabu cha mtu mwingine. Kazi yako inalindwa na sheria tangu ulipoiandika, lakini kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro.

5. Dukani kwa mali kauli

Duka kubwa nadra kumlipa mwandishi mgeni papo hapo. Unaacha vitabu kwa mali kauli: unalipwa vikishauzwa. Wala si jambo baya, ubaya ni kuacha bila maandishi. Andika hati ya nakala mbili yenye jina la kitabu, idadi, bei, punguzo la duka (asilimia 30 hadi 40 ni kawaida), tarehe ya kuhesabu na nani anabeba hasara ya nakala iliyochafuka. Aliyepokea asaini na kugonga mhuri. Acha nakala 10, si 50. Zikiisha, duka litakupigia, na nakala chache haziwezi kusahaulika stoo. Pita kila mwezi, hesabu mwenyewe rafuni, wasalimie wauzaji kwa majina. Muuzaji aliyekisoma kitabu ndiye atakayemwelekeza mteja, kwa hiyo mpe nakala yake. Kwa Nairobi, Nuria ni duka linalojulikana kwa kupokea waandishi waliojichapishia.

6. Kuuza kwa mkono wako

WhatsApp ndiyo duka la kwanza la waandishi wengi sasa. Ujumbe uwe mfupi na umalize biashara bila maswali kumi:

"Riwaya mpya. Kurasa 160, bei 15,000. Lipa kwa namba hii. Jina litakalotokea ni … Ukishalipa nitumie jina lako na mji ulipo. Dar unaletewa na boda, nauli unamlipa mwenyewe. Mikoani kinapanda basi la jioni, utatumiwa namba ya basi na ya kondakta."

Maneno "jina litakalotokea" usiyaache. Mnunuzi akiona jina asilolijua kabla ya kubonyeza namba ya siri, anaghairi. Kifurushi andika namba mbili za simu kwa wino usiofutika. Faili la PDF la kitabu kizima usimtumie mtu yeyote, hata mwandishi wa habari. Likishaingia kwenye kundi moja halirudi. Anayehitaji kuonja mpe sura ya kwanza.

Redio bado inauza. Mwandikie mtayarishaji wa kipindi wiki tatu kabla, ukiwa na mada na siyo na tangazo. "Kitabu changu kimetoka" hakimsaidii kujaza dakika ishirini. "Wakulima wa mwani na mikopo ya wanunuzi" kinamsaidia. Tarehe zinazokupa sababu ni 23 Aprili, siku ya vitabu na hakimiliki, na 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Julai hiyo hiyo kuna Sabasaba Dar es Salaam, na Septemba huwa kuna maonyesho ya vitabu ya kimataifa Nairobi. Andaa dondoo la sekunde 90, ulisome ukiwa na saa. Namba ya simu itaje polepole, mara mbili.

Vyuoni, mpelekee mhadhiri wa fasihi nakala moja na ukurasa mmoja wenye dhamira, wahusika na mbinu za kisanaa, ili aone haraka kinaingia wapi kwenye kozi yake. Kitabu kikiwekwa kwenye orodha, hatari kubwa ni fotokopi. Onyo la hakimiliki haliizuii, bei huizuia. Ongea na CR, yaani mwakilishi wa darasa: wakinunua 20 kwa pamoja, 10,000 kila kimoja, anayekusanya hela anapata chake bure. Fotokopi ya kurasa 160 yenye jalada haiachi tofauti kubwa hapo, na mwanafunzi atachagua kitabu. Shuleni nenda kwa mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha Kiswahili mwanzo wa muhula, wakati bajeti haijaisha.

Uzinduzi fanya kama umehesabu utauza ngapi. Ukumbi, chakula na fulana vinaweza kumeza faida ya nakala 200. Meza ya vitabu iwekwe mlangoni, ifunguliwe kabla ya hotuba, yenye chenji, namba ya malipo iliyoandikwa kwa herufi kubwa na watu wawili wa kuuza, na wewe usiwe mmoja wao, kazi yako ni kusaini. Hesabu vitabu kabla na baada. Mgeni rasmi mwombe, mapema na kwa maandishi, anunue nakala 30 kwa ajili ya shule moja iliyotajwa jina. Hapo vitabu vinafika kwa wasomaji, na waalikwa wengine nao huchangia shule zao.

Nakala zikibaki 40, anza kuomba bei ya chapa ya pili. Kusanya makosa ambayo wasomaji wamekuonyesha, uyasahihishe kwenye faili, ukurasa wa hakimiliki uandike "chapa ya pili" na mwaka. Kama maandishi hayajabadilika zaidi ya hapo, ISBN inabaki ile ile.